Kabla ya Kupaka Sakafu, Pima Maji: Somo la Hela Kutoka Jikoni Kwetu Moseley



Masomo yetu mengi hapa huwa ya ada za kutuma hela, akiba ya dharura na mikopo. Leo tunashuka chini kidogo, tena chini kabisa: sakafuni. Wengi mmetuuliza kuhusu hizi sakafu za saruji zinazopakwa epoksi zikang'aa kama kioo. Wengine mnataka kuiweka kwenye nyumba mnayoishi huku, wengine kwenye nyumba mnayojenga nyumbani. Swali lenu huwa moja: ni bei gani?

Jibu letu fupi: bei ya rangi ni ndogo, bei kubwa iko chini ya rangi. Hilo hatukulisoma kitabuni. Tulilipa pauni 535 kulijua, na hela hiyo haikuwa ya kuchezea. Ilikuwa ya sakafu ya Mama, Tanga.

Kisa chenyewe

Nyumba yetu iko Moseley, kusini mwa Birmingham, karibu na Alcester Road linakopita basi namba 50. Nyumba nyingi za mitaa hii zilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Vyumba vya mbele kwetu vina sakafu ya mbao. Jiko liliongezwa nyuma baadaye, na sakafu yake ni zege. Tulipobandua kapeti la plastiki tulilolikuta, zege likaonekana: la kijivu, gumu, kavu ukiligusa. Tukasema hapa hapa. Tumeona sakafu kama hizi kwenye mikahawa ya mjini, kwa nini sisi tusiwe nayo?

Mwezi Novemba tukanunua epoksi ya pauni 138, rola, brashi na msasa vya pauni 37, na tukampata fundi wa siku mbili kwa pauni 360. Jumla pauni 535. Fundi wa watu aliuliza, "Mmeipima unyevu?" Sisi tukamwambia, "Gusa mwenyewe, si kavu hii? Paka tu." Akapaka. Ikang'aa kweli, tukapiga picha, tukazirusha kwenye kundi la familia.

Februari ikaanza kuvimba. Kwanza kipovu kimoja karibu na sinki, kikubwa kama sarafu. Wiki mbili baadaye vipovu ishirini na kitu. Ukikitoboa kimoja, maji yanatoka. Tulipompigia Mama kwa video akaiona, akacheka kwanza. "Wanangu, mbona sakafu yenu imetoka malengelenge?" Kisha akauliza kwa upole kama fundi wake aanze mwezi wa tatu kama tulivyopanga. Tukakaa kimya. Tulikuwa tunamwekea pauni 60 kila mwezi. Gawa 535 kwa 60, utapata karibu miezi tisa. Miezi tisa ya akiba ya Mama ilikuwa imevimba jikoni kwetu.

Sasa tuingie kwenye somo.

1. Zege linakunywa maji, hata likionekana kavu

Wengi tunachanganya mambo mawili: zege kukomaa na zege kukauka. Kukomaa ni saruji kushikana na maji na kupata nguvu. Ndiyo maana nyumbani fundi anamwagilia sakafu mpya siku saba, na wahandisi wanapima nguvu ya zege siku ya 28. Kukauka ni jambo jingine kabisa: ni yale maji yaliyobaki ndani kutoka nje polepole.

Mafundi wa Uingereza wana hesabu ya haraka. Kwenye hali nzuri ya hewa, unene wa milimita 50 za kwanza hukauka kwa milimita moja kwa siku. Unene unaozidi hapo huchukua kama siku mbili kwa kila milimita. Kwa hiyo zege la milimita 100 linahitaji siku 50, halafu siku 100 nyingine. Jumla siku 150, yaani miezi mitano. Na hapo tunazungumzia hali nzuri, si Birmingham ya Desemba, madirisha yamefungwa na nguo zinaanikwa ndani.

Hiyo ni kwa zege jipya. Zege la zamani lina shida nyingine. Nyumba za siku hizi huwekewa nailoni nzito chini ya zege ili maji ya ardhini yasipande. Nyumba za zamani mara nyingi hazina. Zege kama hilo halimalizi kukauka hata ukisubiri miaka, kwa sababu chini linakunywa na juu linapumua. Ukilifunika kwa epoksi umeliziba pumzi. Maji yanafika chini ya rangi, yanakosa pa kutokea, yanasukuma.

Rangi yenyewe ni nyembamba kuliko mnavyodhani. Lita moja ukiitandaza kwenye mita moja ya mraba inatoa unene wa milimita moja. Ukiitandaza kwenye mita tano, kama makopo mengi yanavyoelekeza, unapata milimita 0.2. Mikono miwili ni milimita 0.4 ikiwa bado mbichi. Kadi yako ya benki ina unene wa kama milimita 0.76. Yaani tulitegemea kitu chenye unene wa nusu kadi kizuie maji ya ardhi yote ya Moseley.

Wazee wetu walilijua hili kwa namna yao. Neno sakafu lenyewe limetokana na Kiarabu, na kule maana yake ni paa. Katika nyumba za mawe za pwani, kama za Mji Mkongwe wa Unguja, juu ya boriti za mikoko waliweka mawe ya matumbawe na chokaa, wakaipiga kwa vijiti vya mbao mpaka ishikane. Chokaa inaachia unyevu utoke. Kuta nyingi za zamani za Kiingereza nazo zilijengwa kwa chokaa. Kwa hiyo mwenye nyumba ya zamani, huku au kule, ajiulize kwanza: nyumba hii inapumua wapi, na mimi ninataka kuziba wapi? Ukiziba sakafu bila kufikiri, maji yanaweza kuhamia ukutani. Kama chumba chako kina vile vigae vyekundu vya udongo vilivyolazwa juu ya ardhi tangu enzi za Malkia Victoria, ushauri wetu viache vilivyo. Visafishe, vifurahie.

2. Swali la kwanza si rangi gani, ni nyumba ya nani

Kama umepanga, usipake kitu bila ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba. Ujumbe wa simu unaosema "sawa tu" ni bora kuliko maneno matupu, lakini barua pepe inayotaja chumba, rangi na nani atalipa ikiharibika ni bora zaidi. Bila hiyo unaweka rehani amana yako ya pango, na ukihama sakafu inabaki kwake.

Kama ni fleti uliyonunua, soma mkataba wa umiliki. Mikataba mingi inadai sakafu ifunikwe kwa zulia ili jirani wa chini asisikie kila kijiko kinachoanguka.

Kama nyumba ni yako kwa mkopo wa benki, endelea. Ila ukitaka kuvunja zege na kumwaga jipya, wasiliana kwanza na idara ya udhibiti wa ujenzi. Kupaka juu ni jambo moja, kuchimba ni jambo jingine.

3. Vipimo vinavyokaribia kuwa vya bure

Kipimo cha tone. Dondosha matone ya maji sehemu tano tofauti. Yakizama na kuacha doa jeusi, zege liko wazi na rangi itashika. Yakibaki juu kama kwenye jani la mgomba, kuna mafuta au rangi ya zamani, lazima isagwe. Tulipomsimulia Mama kipimo hiki akashangaa: "Hicho nacho mmefundishwa huko? Fundi wa hapa kwetu humwaga maji kwanza aone sakafu inakunywaje." Tukaona aibu.

Kipimo cha nailoni. Kata nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, hewa isipite. Iache siku mbili. Ukibandua ukakuta ukungu wa maji chini ya nailoni, au zege limekuwa jeusi kuliko pembeni, simama. Ukikuta pakavu bado si ushahidi kamili, hasa wakati wa baridi, lakini ukikuta pana maji huo ni ushahidi tosha. Sisi tulikifanya baada ya hasara. Nailoni ilitoka na matone. Kingetugharimu chini ya pauni tano mwezi Novemba.

Kipimo cha kitaalamu. Kuna kipima unyevu kinachofunikwa juu ya zege kwa muda mpaka usomaji utulie. Kwa sakafu za vinaili, kiwango cha Uingereza kinataka unyevu usizidi asilimia 75. Kwa epoksi, soma karatasi ya mtengenezaji, kila moja ina kikomo chake. Kama fundi hana karatasi hiyo, iombe dukani au itafute kwenye intaneti. Isome wewe mwenyewe, usisimuliwe.

Kipimo cha mita ya maji. Kabla ya kulaumu ardhi, hakikisha si bomba. Soma mita usiku, funga bomba zote, usitumie choo wala mashine, soma tena asubuhi. Namba ikisogea, una bomba linalovuja.

Kuangalia nje. Udongo au njia ya nje inatakiwa iwe chini ya tabaka la kuzuia unyevu ukutani kwa milimita 150 hivi. Kwetu udongo wa bustani ulikuwa umepanda mpaka karibu kulifikia. Jumamosi moja na sepetu tukaushusha. Hiyo ilikuwa bure.

Na onyo moja la uhai, tafadhali lisiwapite. Uingereza ilipiga marufuku asbesto zote mwaka 1999. Nyumba iliyojengwa au kukarabatiwa kabla ya hapo inaweza kuwa nayo, hasa kwenye vigae vya zamani vya plastiki na gundi nyeusi iliyo chini yake. Ukiviona, usisage, usikwangue, usifagie. Peleka sampuli maabara kwa utaratibu, au mwite mwenye leseni. Hata zege la kawaida likisagwa linatoa vumbi la silika linaloharibu mapafu. Mashine iwe na kifyonza vumbi, na barakoa iwe ile imara ya daraja la FFP3, siyo ile ya kitambaa tuliyobaki nayo kutoka enzi za korona.

4. Hesabu ya mara ya pili

Safari hii tulianza na daftari. Jiko lina mita za mraba 18. Ongeza asilimia 10 ya kupotea: 19.8. Mikono miwili: 39.6. Gawa kwa tano: lita 7.92. Kwa hiyo lita nane zinatosha. Ukiwa na hesabu hii, muuzaji hawezi kukubebesha lita kumi na tano.

Hivi ndivyo tulivyotumia, kwa bei tulizopewa sisi. Kwenu zinaweza kupanda au kushuka:

- Kukodi mashine ya kusaga, visu na kifyonza vumbi: pauni 190
- Epoksi maalumu ya kuzuia unyevu, mikono miwili: pauni 230
- Saruji laini ya kusawazisha: pauni 120
- Epoksi ya rangi: pauni 138
- Koti la juu la kulinda dhidi ya jua na mikwaruzo: pauni 90
- Rola, brashi na vinginevyo: pauni 37
- Fundi siku tatu: pauni 540

Jumla pauni 1,345. Angalieni vizuri orodha hiyo. Epoksi ya rangi, ile tunayoipigia picha, ni pauni 138, karibu asilimia 10 tu ya gharama. Tisini zilizobaki ni maandalizi, kinga na mkono wa fundi. Mtu akikuambia bei ya rangi peke yake, amekuambia sehemu ya kumi ya ukweli.

Ukijumlisha na zile 535 za mwanzo, jiko limekula pauni 1,880. Kihasibu zile 535 si uwekezaji, ni hasara. Tuliziandika hivyo kwenye daftari la nyumba, kwa wino mwekundu, tusije tukajidanganya.

Mambo ya kiufundi yaliyotusaidia ni haya. Epoksi huja kwenye makopo mawili, na ukishachanganya una dakika chache kabla haijaganda kwenye ndoo. Kwa hiyo changanya kidogo kidogo, kwa kipimo kilichoandikwa, usikadirie kwa macho. Nyingi hazitaki baridi ya chini ya nyuzi 10, na sakafu yenyewe iwe na joto angalau nyuzi tatu juu ya kiwango ambacho hewa huanza kutoa umande. Ndiyo sababu tulisubiri Juni. Juu ya mkono wa pili wa kuzuia unyevu, ukiwa mbichi, fundi alimwaga mchanga mkavu ili saruji ya kusawazisha ipate pa kushika. Kwenye koti la mwisho tukachanganya chembe za kuzuia utelezi, maana jiko ni mahali pa mafuta na maji. Vaa glavu, fungua madirisha, watoto walale kwa ndugu siku hizo. Epoksi mbichi ikizoea ngozi inaweza kukuachia mzio usioisha.

5. Je, ilikuwa chaguo la bei nafuu?

Hapana, na hatutawaficha. Tuligawa gharama kwa miaka tunayotarajia. Hii sakafu, pauni 1,345 kwa miaka kumi, ni kama pauni 135 kwa mwaka. Vinaili tuliyopewa bei ya pauni 420, tukikadiria miaka sita, ni pauni 70 kwa mwaka. Vigae kwa pauni 1,600, tukikadiria miaka ishirini, ni pauni 80 kwa mwaka. Miaka hiyo ni makadirio yetu, wewe weka yako, lakini njia ya hesabu ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo ile ya kung'aa ndiyo ilikuwa ghali kuliko zote. Tuliichagua kwa sababu tuliipenda. Si dhambi kununua unachokipenda, mradi ujue unalipia mapenzi kiasi gani kwa mwaka, na hela hiyo isitoke kwenye fungu la mtu mwingine. Kosa letu la kwanza halikuwa epoksi. Lilikuwa kuchukua kwenye fungu la Mama tukijiambia tutarudisha mwezi ujao.

6. Namna ya kulipa ili usipigwe

Omba makadirio matatu ya maandishi, kila moja litenganishe maandalizi, vifaa na ufundi. Lisilotaja maandalizi kabisa, ambalo kwa kawaida ndilo la bei ya chini, liweke pembeni.

Usilipe yote mwanzoni. Gawanya: kidogo cha kununulia vifaa, sehemu baada ya maandalizi, iliyobaki kazi ikikamilika na kukaguliwa.

Ukiweza kulipa japo sehemu kwa kadi ya mkopo, fanya hivyo, kisha ulipe deni lote kabla riba haijaanza. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji, kwa kitu au huduma ya bei inayozidi pauni 100 mpaka pauni 30,000. Kadi ya kawaida ya akaunti haina kinga hiyo ya kisheria, na hela taslimu ndiyo kabisa.

Na Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inasema huduma ifanywe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Isipofanywa hivyo unaweza kudai kazi irudiwe, au bei ipunguzwe. Lakini sikilizeni: fundi wetu wa kwanza aliuliza kuhusu unyevu, sisi tukamwambia apake tu. Hapo tungedai nini? Haki unayo, ila ukiitupa kwa mdomo wako mwenyewe hakuna wa kukuokotea.

7. Sasa sakafu ya Mama

Tulirudisha fungu lake kwa kubana matumizi: hakuna kula nje, hakuna simu mpya, shifti mbili za ziada kwa mwezi. Ilipofika Septemba hela ilikuwa imetimia, pauni 540. Sisi, kwa kujiona wajuzi, tukamwambia tutamwekea epoksi kama yetu. Akakataa. "Mimi nataka sakafu ya kupiga deki, nimwage maji, nikaushe, basi. Hiyo yenu ikibanduka hapa nani ataipaka tena?"

Kabla ya kutuma hata senti tukaomba kitu kimoja: nailoni ya nusu mita, ibandikwe sebuleni siku mbili. Mdogo wetu akatuma picha. Matone, tena mengi kuliko yetu. Jamvi lilimwagwa miaka mingi nyuma bila nailoni, na chumvi ilikuwa tayari inakula kuta kwa chini. Epoksi pale ingevimba kabla ya sikukuu. Hata niru ikipigwa juu ya jamvi lile ingeendelea kulowa na kutoa chumvi.

Fundi wa mtaani, mzee mwenye uzoefu, akapendekeza: tandika nailoni nzito, ipande kidogo ukutani, halafu mwaga saruji mpya ya milimita 50 juu, na niru imalizie. Milango itakatwa kidogo chini. Tukakubaliana naye, na malipo tukayagawa mara nne:

Kwanza, vifaa. Hela ilikwenda moja kwa moja kwa mwenye duka kwa simu, risiti ikapigwa picha ikiwa na idadi ya mifuko ya saruji.

Pili, nailoni. Hapa ndipo palipokuwa roho ya kazi yote. Hakuna saruji kumwagwa mpaka tumeona video ya nailoni imetandikwa chumba kizima, viungo vimepishana na kubandikwa utepe. Fundi alinung'unika kidogo: "Hamniamini?" Tukamjibu, "Baba, tunakuamini, ila sisi wenyewe tuliwahi kujiamini tukala hasara." Akacheka, akatuma video, akalipwa siku ile ile.

Tatu, saruji na niru. Picha ya siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, magunia yaliyolowa maji yakiwa juu ya sakafu ili ikomae vizuri.

Nne, asilimia 20 ya mwisho ya ufundi, baada ya wiki nne na baada ya Mama mwenyewe kupiga deki na kusema ameridhika.

Mtasema kutuma mara nne ni kulipa ada mara nne. Ni kweli. Tuseme kila muamala ni pauni 1.99: mara nne ni pauni 7.96. Kwa mzigo wa pauni 540 hiyo ni kama asilimia moja na nusu. Linganisha na hasara yetu ya Novemba, iliyokuwa asilimia mia. Ila kumbuka kuangalia na bei ya kubadilisha fedha, si ada peke yake. Kampuni inayotangaza "bila ada" inaweza kuwa inakukata kwenye bei hiyo.

Kanuni ya kuondoka nayo

Kama mtasahau yote, shikeni hili: kitakachofunikwa kionekane kwanza, kilipwe baadaye. Nailoni kabla ya saruji. Nondo kabla ya zege. Mabomba kabla ya plasta. Nyaya kabla ya dari. Wengi wetu tunajenga kwa simu, tunatumiwa picha ya ukuta uliopakwa rangi, tunafurahi. Picha ya rangi haina thamani. Dai picha ya kile ambacho kesho hakitaonekana tena.

Zoezi la wiki hii

1. Pima chumba kimoja, zidisha urefu kwa upana, ongeza asilimia 10, kisha ukokotoe lita za mikono miwili kwa mita tano kwa lita.
2. Bandika nailoni sakafuni siku mbili, huku na nyumbani pia. Andika ulichokikuta.
3. Chukua makadirio yoyote uliyonayo na uyagawe mafungu matatu: yaliyo chini, yaliyo juu, na ufundi. Kama fungu la chini ni sifuri, rudi kwa fundi ukaulize.
4. Gawa gharama kwa miaka. Andika namba hiyo karibu na jina la fungu la akiba itakakotoka. Kama jina ni la mtu mwingine, funga daftari.

Jiko letu sasa lina miezi kadhaa bila kipovu hata kimoja. Asubuhi za baridi sakafu ni ya barafu miguuni, tumelaza mkeka. Sebuleni kwa Mama niru imetulia, nyeusi, inateleza kidogo ikilowa, na yeye anaipiga deki kila asubuhi kabla ya chai. Wiki iliyopita alituma picha ya sakafu hiyo bila maneno. Tukaikuza kutafuta kasoro. Hakuna. Kisha ukaja ujumbe wa pili: "Sasa paa."

Fungu jipya tumeshalifungua, pauni 60 kwa mwezi, na jina lake limeandikwa juu. Somo lijalo tutazungumza mabati. Mpaka hapo, pimeni kabla ya kupaka.